Uzi maalumu: vigae vya kauri vya mkono kwa karakana ya nyumbani (majani, maua, ndege, wadudu)

#1 Mfinyanzi Mkimya

Habari zenu wakuu.

Nimekuwa nikisoma maswali ya wanaotaka kuanzisha karakana ndogo nyumbani ya vigae vya kauri, vile vyenye majani, maua, samaki, ndege na wadudu. Karibu maswali yote ni ya rangi: kijani cha namna hii kinapatikanaje, bluu ya namna ile inachanganywaje. Naleta uzi huu kwa sababu naamini tunaanzia mkiani. Kigae chenye sura ya asili hujengwa kwanza na kina cha nakshi yake, na namna kilivyokaushwa. Hivyo viwili vikiharibika, hakuna rangi itakayokiokoa.

Nianze na kina. Glezi, yaani ule mchanganyiko unaopakwa juu ya kigae, ikiyeyuka tanurini inakuwa kioo kizito kinachotembea. Inateremka kutoka sehemu zilizoinuka na kutuama mabondeni. Ilipotuama inakuwa nene na rangi inakolea. Palipobaki utando mwembamba rangi inafifia na udongo wa chini unajitokeza. Kwa hiyo mwinuko wa milimita moja au mbili ndio unaoweka kivuli kwenye jani. Chukua glezi moja tu, kijani cha shaba kinachopitisha mwanga, uipake juu ya jani lililochongwa vizuri: utapata kijani cha kila daraja, kuanzia kilichopauka ukingoni hadi cheusi-cheusi kwenye kikonyo, bila kushika brashi ya pili. Ipake hiyohiyo kwenye kigae bapa, utapata kijani kimoja, basi.

Tuchukue mishipa ya jani, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukibonyeza jani halisi kwenye udongo mbichi, upande wake wa chini ukigusana na udongo, mishipa iliyotokeza inaacha mifereji. Glezi inatuama humo, na mishipa inatoka ikiwa imekolea kuliko jani lenyewe. Ukitaka kinyume chake, mishipa myepesi juu ya jani lililokolea, jinsi majani mengi yanavyoonekana jua likiyapiga, basi mishipa lazima iinuke. Hapo unalaza jani mgongo juu, unalimwagia plasta ya jasi, na plasta ikikauka unabonyeza udongo ndani ya kalibu hiyo. Jani ni lilelile, glezi ni ileile, na vigae vinatoka viwili visivyofanana hata kidogo. Uamuzi huo unafanyika kabla hujafungua kopo lolote la rangi.

Kwa plasta ya wafinyanzi kipimo kinachotumika sana ni sehemu 100 za plasta kwa sehemu 70 za maji, kwa uzito. Plasta ndiyo inayonyunyizwa kwenye maji, siyo maji kwenye plasta. Iache izame yenyewe dakika moja au mbili kisha koroga taratibu bila kuingiza hewa. Kalibu ikaushwe kwa subira, joto lisifike nyuzi 50, la sivyo plasta inaanza kuoza na kumung'unyuka. Na kwa heri yako, weka zana za plasta mbali kabisa na udongo wako. Chembe moja ya plasta ikiingia kwenye udongo, baada ya kuchomwa itanyonya unyevu wa hewani, itavimba, na itabandua kipande cha uso wa kigae siku umeshakitundika ukutani.

Ukichonga mwenyewe badala ya kutumia jani halisi, hakikisha hakuna pembe inayorudi ndani. Kila ukuta wa nakshi ulale kidogo kuelekea nje, vinginevyo udongo utanasa kwenye kalibu na bawa la kipepeo wako litabaki humo.

Sasa kukausha. Kigae ni kipande kipana, chembamba, na kila mtu anategemea kiwe bapa. Chungu kikipinda kidogo hakuna atakayegundua. Kigae kikipinda milimita mbili, jicho linaona. Pembe zinainuka kwa sababu uso wa juu unapata hewa, unakauka na kusinyaa, wakati uso wa chini bado ni mbichi, uliosinyaa unavuta. Ukilaza kigae juu ya nailoni, kioo au bati unazidisha tatizo, kwa kuwa chini hakupumui kabisa. Kilaze juu ya kitu kinachonyonya maji. Kipande cha bodi ya jipsamu kinatosha sana, ila kingo zake zifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili vumbi la jasi lisitoke. Mwanzo funika kwa nailoni nyepesi. Kikishikamana lakini kikiwa bado na ubaridi wa unyevu, weka bodi nyingine juu yake, geuza kila siku, nakshi zikiwa zimelindwa kwa kitambaa laini. Usikiharakishe kwa jua wala feni.

Jambo la mwisho kuhusu hili: udongo una kumbukumbu. Ukiinua bamba bichi kwa kona moja likalegea, kisha ukalinyoosha mezani, macho yataona limenyooka. Tanuri litalikumbusha ulivyolipinda. Bamba lihamishwe likiwa juu ya ubao, na ligeuzwe likiwa katikati ya mbao mbili. Na kabla ya kukata, likandamize kwa ubapa mgumu wa mpira au wa mbao, pande zote mbili na kwa mielekeo yote, siyo kusukuma kwa kifimbo upande mmoja tu.

Unene wa milimita 8 hadi 12 unafaa kwa vigae vya sentimita 10 hadi 20. Chagua udongo wenye chenga, yaani uliochanganywa na udongo uliokwisha kuchomwa na kusagwa. Chenga hazisinyai tena, na zinaufungulia unyevu njia ya kutoka. Udongo laini kabisa unapokea mchoro wa bawa la kereng'ende vizuri sana, lakini ndio unaopinda zaidi. Mimi nachagua wenye chenga ndogondogo, halafu juu yake napaka uji wa udongo laini pale tu nakshi inapohitaji wembamba.

Karibuni tujadili. Wenye matanuri, wenye kufunga vigae ukutani, wenye kuchora, tunawahitaji hapa.

#2 Bustani ya Nyuma

Asante sana mkuu, hili la mishipa kuinuka au kuzama nimelisoma mara mbili. Nina maswali. Nataka kutengeneza picha ya ua moja kubwa linalovuka vigae tisa. Ninakata vyote kwa kipimo kimoja lakini nikivipanga baada ya kuchomwa petali haikutani na mwenzake. Pili, kusinyaa nakukadiria vipi? Kila anayeuza udongo anataja namba yake.

#3 Mfinyanzi Mkimya

@Bustani ya Nyuma, namba ya muuzaji ichukulie kama makadirio. Pima udongo wako mwenyewe, kwa maji unayotumia na joto unalochomea. Tengeneza kipande kirefu, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili ungali mbichi, kausha, choma mara zote mbili (kabla ya glezi na baada yake), halafu pima mstari huo. Ukikuta 8.8, umesinyaa asilimia 12. Sasa ukitaka kigae cha mwisho kiwe sentimita 10, gawa 10 kwa 0.88: kata 11.36. Watu wengi wanaongeza asilimia 12 juu ya 10 wanapata 11.2, na hiyo milimita moja na nusu ndiyo inayowatesa.

Kwa picha inayovuka vigae, usikate kwanza ukachonga baadaye. Sukuma bamba moja kubwa, weka ua lako lote, chonga lote, ndipo ukate wakati udongo umeshikamana. Vigae vyote vitakuwa na unyevu mmoja na mwelekeo mmoja wa kusukumwa. Viandike namba mgongoni pamoja na mshale wa upande wa juu. Vikaushe pamoja, vichome pamoja, kwenye rafu moja ikiwezekana, kwani rafu ya juu na ya chini ya tanuri hazipati joto sawa na kusinyaa kutatofautiana.

Na panga mistari ya kukata mapema kwenye mchoro. Mstari usipite kwenye jicho la ndege wala katikati ya moyo wa ua. Upite penye uwazi, au ukate kikonyo kwa mshazari. Penye makutano acha nafasi ya kati ya milimita 3 na 5 kwenye picha yenyewe, kwa ajili ya grauti (saruji ya kujazia maungio), la sivyo petali litaonekana limevunjwa na kusogezwa.

#4 Kasuku Kijani

Mkuu Mfinyanzi, nakuheshimu lakini kwenye hoja ya kwamba kina ndicho kinachotangulia, nakupinga. Tazama vigae vya İznik, mji wa Uturuki, vya karne ya 16. Msikiti wa Rüstem Pasha kule Istanbul, uliojengwa na msanifu Sinan mwanzoni mwa miaka ya 1560, umejaa tulipu, mikarafuu na maua ya kila aina kuanzia ukutani hadi kwenye nguzo. Ni vigae bapa! Hakuna nakshi iliyoinuka. Ni brashi tu, na bado hakuna anayeingia mle asiyeona bustani. Kwa hiyo anayependa kuchora asivunjwe moyo na kuambiwa lazima achonge.

Mimi nachora. Mstari wa brashi una uhai ambao kisu hakina. Shina la tulipu likivutwa kwa mkono mmoja bila kusita linakuwa na unene unaobadilika, na macho yanalifuata. Hicho nacho ni asili.

#5 Mfinyanzi Mkimya

@Kasuku Kijani, hoja yako ina uzito na nimefurahi umeileta. İznik ni kilele, siwezi kukishusha. Lakini tuangalie walifanya nini. Mwili wa kigae chao ulikuwa wa kwatzi (jiwe gumu la silika) iliyosagwa kwa wingi, ukapakwa tabaka jeupe safi, ndipo wakachora kwa kobalti, feruzi, kijani na ule wekundu wao uliotokana na udongo wenye chuma, kisha wakafunika kwa glezi angavu. Weupe ule ndio mwanga wote wa picha. Na wekundu wenyewe ulipakwa mzito kiasi kwamba kwenye vigae vingi ukipitisha kidole unausikia umeinuka.

Tena maua yao hayakuwekewa kivuli. Yanasimama kwa mstari na umbo. Ni njia tofauti na ina masharti yake: mwili mweupe, glezi isiyotembea, na mkono uliozoea. Aliye na mkono huo na aifuate. Ninachopinga ni njia ya katikati ambayo naiona sana, mtu kupaka vivuli kwa brashi juu ya kigae bapa akijaribu kuiga picha ya kamera, halafu glezi inatembea na kuvifuta vyote. Chora kama İznik au chonga. Ukitaka vivuli, mwachie mwinuko.

#6 Kasuku Kijani

Hapo tumeelewana. Niongeze kwa wachoraji: chora juu ya kigae kilichochomwa mara ya kwanza, lakini kifute kwanza kwa sponji yenye unyevu. Kikiwa kikavu mno kinanyonya maji ya brashi papo hapo na mstari unakatika katikati ya njia. Kikilowa, wino unatambaa.

#7 Moto Mdogo

Wakuu, mimi nizungumzie moto maana ndiko kazi ya wiki nzima inakoishia vipandevipande.

Kigae kinene kinachoonekana kikavu bado kina maji ndani. Yakifika nyuzi 100 yakiwa bado humo yanageuka mvuke na kigae kinapasuka kwa kishindo, na vipande vyake vinaharibu majirani zake. Shika tanuri karibu nyuzi 90 kwa saa kadhaa, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Baada ya hapo kuna maji mengine yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe ya udongo, hayo yanatoka zaidi kati ya nyuzi 400 na 600. Kama umeacha majani halisi yamebonyezwa kwenye udongo, nayo yanaungua humo humo na kuacha alama yake. Chumba kiwe na hewa ya kutosha.

Nyuzi 573 iandikeni ukutani. Hapo kwatzi inabadilika umbo na kuvimba ghafla, na wakati wa kupoa inasinyaa ghafla palepale. Kwa kikombe si neno. Kwa kigae kipana kilicholala kwenye rafu nzito ni hatari, kwa sababu kingo zinapoa mapema na katikati pameshikiliwa na joto la rafu. Kingo zikivuka 573 kabla ya katikati, ufa unaanzia ukingoni na kuelekea ndani. Ndiyo maana nyufa za namna hii huonekana kwenye vigae vikubwa hata kama vilikauka vizuri. Poza polepole, na usifungue tanuri kwa hamu ya kuona. Chini ya nyuzi 100 ndipo ufungue.

Chini ya kila kigae nyunyiza alumina au mchanga wa silika kidogo. Kigae kinaposinyaa kinahitaji kuteleza. Kikikwama mahali kinajivuta na kupasuka.

Uchomaji wa kwanza wengi tunafika takriban nyuzi 1000 hadi 1060. Wa pili unategemea udongo na glezi. Kwa udongo wa joto la kati ni kama nyuzi 1220 hadi 1240. Msitegemee namba ya kidhibiti cha tanuri peke yake. Wekeni koni ya kupimia joto kwenye kila rafu. Hermann Seger alizitoa Ujerumani mwaka 1886, na Edward Orton akaanza kuzitengeneza Marekani mwaka 1896, na mpaka leo hazijapata mbadala, kwa sababu koni inalainika kwa joto na muda kwa pamoja, vilevile glezi inavyofanya. Kidhibiti kinasoma joto la hewa mahali kipimo chake kilipo tu.

Kuhusu nyumba: tanuri la umeme lina waya wake peke yake kutoka kwenye bodi kuu, uliofungwa na fundi umeme aliyesomea. Lisiguse ukuta, liachiwe walau sentimita 45 kila upande, pasiwe na pazia, mbao wala makopo ya rangi karibu. William De Morgan, yule Mwingereza aliyejaza vigae ndege, samaki na maua, alianzia nyumbani, Fitzroy Square jijini London. Tanuri lake likaunguza paa, ikabidi ahame, na mwaka 1872 akaanza upya Chelsea. Kwa vile yeye alipata pa kuhamia, tushukuru; wewe hakikisha hulazimiki.

#8 Mwanafunzi wa Udongo

Somo zito hili. Naomba msaada. Vigae vyangu vinatoka vizuri, lakini baada ya muda glezi inaonyesha nyufa nyembamba kama nywele. Vingine vilitoka tanurini vikiwa safi kabisa, nyufa zikaja baadaye vikiwa vimekaa tu. Nimekosea wapi? Na je, niviuze au niviache?

#9 Moto Mdogo

@Mwanafunzi wa Udongo, glezi yako inasinyaa zaidi ya udongo wakati wa kupoa. Inakuwa imevutwa, na kioo kikivutwa kinakatika. Kwa kawaida glezi ya hivyo ina sodiamu au potasiamu nyingi. Ongeza silika kidogo kwenye mchanganyiko, au badilisha sehemu ya kiyeyushi (kinachoifanya glezi iyeyuke) iwe cha boroni, kisha jaribu kwenye vipande vidogo.

Zile zilizokuja baadaye zina sababu ya pili. Udongo uliochomwa kwa joto dogo una vinyweleo vingi, unanyonya unyevu wa hewani miezi na miezi, na unavimba kidogo sana. Glezi haivimbi. Choma udongo juu kidogo ya ulivyozoea na tatizo litapungua.

Kwa picha ya kutundika sebuleni, nyufa hizo si ugonjwa, wako wanaozitafuta kwa makusudi na kuzipaka wino ili zionekane. Kwa ukuta wa bafu, usiuze. Maji yatapita kwenye nyufa na kukaa ndani ya kigae.

#10 Fundi Vigae

Mimi si mfinyanzi, ni fundi wa kufunga. Naletewa vigae vya mkono mara kwa mara na navipenda kuliko vya kiwandani, ila kuna mambo ningeomba mtusaidie kabla havijafika kwetu.

Mgongoni wekeni mifereji, kina cha milimita 2 au 3. Mgongo laini kama kioo hauishiki gundi. Na glezi isishuke hadi mgongoni.

Semeni kigae kinanyonya maji kiasi gani. Kukipima hakuhitaji maabara: kausha kigae kabisa, kipime kwa mizani, kichemshe saa mbili, kiache kipoe majini, kifute, kipime tena. Kilichokuwa gramu 500 kikawa 560 kimenyonya asilimia 12. Hicho kiende ukuta wa ndani. Kwa nje, mahali penye baridi ya kugandisha maji, tunataka kilicho chini ya asilimia 3, kwa sababu maji yakiganda ndani ya vinyweleo yanatanuka na kukibomoa.

Vyenye nakshi zilizoinuka msiviuze kwa sakafu. Mtu atajikwaa, glezi itakwaruzwa, na uchafu utajaa mabondeni. Hata ukutani, grauti ipakwe kwa uangalifu: ikiingia kwenye manyoya ya ndege yaliyochongwa haitoki. Mimi nafunika nakshi kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwanza, kisha najaza maungio kwa mfuko mdogo wa kubinya.

Na kwa vile tumefika kwenye sakafu: watu wananionyesha picha za vigae vya pembe sita vya msanifu majengo Antoni Gaudí vya Barcelona, vyenye nyota ya bahari, konokono na mwani, wakisema wanataka kauri ya hivyo. Vile ni vya saruji iliyoshindiliwa, havikuchomwa. Lakini ufundi wa mchoro wake una faida kwenu: kigae kimoja hakina kiumbe hata kimoja kamili, vinakamilika vikipangwa saba pamoja. Anayetaka kutengeneza kalibu moja tu na kupata ukuta usiochosha macho, ajifunze pale.

#11 Bustani ya Nyuma

Hili la kalibu moja na picha inayokamilika kwa majirani limenifungua. Fundi, ubarikiwe.

#12 Kijito

Wakuu, naona tunaenda vizuri lakini hakuna aliyetaja vumbi, na hapa watu wanafanyia kazi nyumbani, penye watoto.

Udongo na glezi vina silika. Vikiwa vibichi havina shida. Vikikauka na kuruka, zile chembe ndogo zisizoonekana kwa macho zinafika chini kabisa ya mapafu na hazitoki. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Haiji kwa siku moja, inajikusanya kwa miaka.

Basi msifagie karakana kwa ufagio mkavu, kamwe. Futeni kwa maji. Msisugue vigae vikavu kwa msasa ili kulainisha kingo. Kingo zilainishwe kwa sponji udongo ungali na unyevu. Anayepima unga wa glezi avae barakoa yenye kichujio halisi cha vumbi laini, kitambaa hakizuii. Aproni isiingie ndani ya nyumba wala kuchanganywa na nguo za watoto. Glezi zenye madini ya risasi ziacheni kabisa. Manganizi nayo inatoa moshi mbaya tanurini, kwa hiyo msikae chumba kimoja na tanuri linalowaka.

Mtu akiwa na chumba kimoja tu cha kulala na kufanyia kazi, ushauri wangu ni mgumu: afanye kuchonga na kubonyeza tu hapo, glezi na moto akafanyie mahali pengine.

#13 Mfinyanzi Mkimya

@Kijito, asante kwa uzito huu. Ningeomba wote wanaoanza wasome #12 kabla ya kurudi #1.

#14 Nyuki Mmoja

Nimefuatilia uzi wote. Mimi sina tanuri, nina udongo, meza na bustani. Nina glezi mbili tu. Je, kuna namna ya kuanza na vichache hivi na kazi ikawa na maana? Na je, naweza kubonyeza vitu vingine zaidi ya majani? Nina wadudu waliokufa wenyewe, maganda ya konokono, mbegu.

#15 Mfinyanzi Mkimya

@Nyuki Mmoja, una zaidi ya unavyodhani.

Kuhusu viumbe halisi, aliyekwenda mbali zaidi ni Bernard Palissy wa Ufaransa, karne ya 16. Alitengeneza kalibu kutoka kwa nyoka, mijusi, vyura, samaki, konokono na majani yenyewe, akavipanga juu ya sahani kubwa kama viko kando ya kijito. Kwenye maandishi yake ya mwaka 1580 anasimulia alivyoishiwa kuni akitafuta glezi nyeupe, akachoma meza na mbao za sakafu ya nyumba yake. Ganda la konokono na mbegu ngumu vinabonyezeka moja kwa moja. Mdudu atavunjika, mpake sabuni laini na umtolee kalibu ya plasta, ingawa miguu na papasi hutazipata. Hizo zichore kwa sindano baada ya kubonyeza.

Ila jani linapobonyezwa linaacha kina kidogo sana, mara nyingi chini ya milimita moja, na glezi nzito italizika. Hapo nikupe njia inayohitaji rangi chache kabisa. Ernest Batchelder alijenga tanuri nyuma ya nyumba yake kule Pasadena, California, karibu mwaka 1910, akatengeneza vigae vya mizabibu, miti, tausi na sungura vilivyokuja kujaa kwenye majiko ya kuotea moto nchini Marekani. Vigae vyake vingi havina glezi ya kung'aa. Alipaka uji wa udongo wa rangi, mara nyingi bluu, juu ya kigae chote, kisha akaufuta sehemu zilizoinuka. Rangi ikabaki mabondeni, na udongo wa kahawia ukabaki uchi juu. Basi. Na ukitazama, mzabibu umesimama.

Fanya hivyo kwa majani yako. Bonyeza jani kwenye udongo usio mlaini mno, sukuma kwa kifimbo mara moja tu bila kurudia, maana ukirudia jani linasogea na kutoa kingo mbili. Ling'oe kwa ncha ya sindano kuanzia kwenye kikonyo. Udongo ukishikamana, paka uji wa udongo mweusi au oksidi ya chuma iliyokorogwa na maji, iache ikauke hadi ng'ao ya maji ipotee, kisha ufute kwa sponji iliyokamuliwa sana, kwa mkono mwepesi, ukisuuza sponji kila mpito. Usifute kwa mduara, utaichimbua rangi mabondeni. Vuta upande mmoja, kuvuka mishipa. Utaona mshipa mkuu unatokea kwanza, halafu vitawi vyake, halafu ule wavu mwembamba kati ya vitawi ambao kwenye jani lenyewe hukuwa umeuona.

Kuhusu tanuri, tafuta mwenye nalo akuchomee kwa nafasi. Vigae havichukui nafasi kubwa tanurini, vinapita kwenye upenyo kati ya rafu ambao vyungu haviwezi kuingia. Mpelekee vikavu kabisa, na umwambie udongo wako unachomwa joto gani. Moto wa wazi wa kuni unaweza kuivisha udongo, lakini unapanda kwa kasi na kwa upande, na kwa kipande bapa hiyo ni nyufa. Pia glezi nyingi hazitayeyuka humo. Kwa kazi ya uji wa udongo wa kufuta, huhitaji glezi. Uchomaji mmoja wa polepole unatosha.

Ukimaliza vya kwanza, weka picha hapa. Weka na mgongo wa kigae pia, tuone kimelala vipi mezani.